Shabaha ya Harman na Ladha Yako: Pima Unachopenda Kabla ya Kununua Hedifoni Nyingine

Wapenzi wa hedifoni wana ugomvi usioisha. Upande mmoja wako watu wa grafu, yaani michoro inayoonyesha hedifoni inatoa besi na sauti za juu kwa nguvu kiasi gani: hedifoni ikiachana na mstari wa Harman, shabaha ya sauti nzuri iliyochorwa na watafiti wa kampuni ya vifaa vya sauti ya Harman, kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha nguvu ya sauti), kwao hiyo ni mbovu. Upande wa pili wako wanaosema sikio ndilo mzani, na grafu ni michoro tu. Sitaki kuamua kesi hiyo. Ninachotaka ni uutumie ule mstari kama rula. Kwanza unaisogeza hedifoni yako hadi ifike kwenye mstari, halafu unapima wewe mwenyewe ungependa isogee wapi kutoka hapo na kwa kiasi gani. Ukimaliza utakuwa na namba mbili tatu ambazo ni zako. Mtu anayesema "napenda besi" hajui anunue nini. Anayesema "nataka desibeli 3 juu ya shabaha, chini ya 105 Hz" anajua. (Hz ni mitetemo kwa sekunde: namba ndogo ni besi, kubwa ni sauti za juu.)

Huhitaji vifaa vya gharama. Unahitaji hedifoni au iafoni (ile inayoingia kwenye tundu la sikio) ambayo vipimo vyake vimeshachapishwa mtandaoni, simu au kompyuta, programu ya ikwalaiza (ya kuongeza na kupunguza sehemu mbalimbali za sauti), na subira ya jioni kadhaa.

Mstari wenyewe umetoka wapi

Usiruke sehemu hii, maana hatua zote za mbele zinaitegemea.

Kwa spika, mambo ni mepesi kidogo. Mtafiti wa sauti Floyd Toole alifanya majaribio kwa miaka mingi katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada, jijini Ottawa, kabla ya kuhamia Harman mwaka 1991. Aligundua kwamba wasikilizaji wasioona ni spika gani inayopiga huwa wanaangukia zile zile: zenye mstari ulionyooka zinapopimwa mahali pasipo na mwangwi. Hedifoni haiko hivyo. Sauti ikija kutoka mbele yako hupita kwenye sikio la nje na kuingia kwenye tundu, na njiani masafa ya karibu na 3,000 Hz huongezeka kwa desibeli zinazokaribia au kuzidi 10. Hivyo ndivyo ulivyosikia kila kitu tangu uzaliwe. Hedifoni inakatisha sehemu ya safari hiyo, na iafoni inaikatisha karibu yote, kwa hiyo lazima kifaa chenyewe kikirudishe kile kilima. Hedifoni itakayotoa mstari ulionyooka kwenye ngoma ya sikio itasikika imefubaa.

Ubishi ni kilima hicho kiweje, na besi iweje. Mwaka 1986 Mjerumani Günther Theile alitetea wazo la kupima kana kwamba sauti inakuja sawasawa kutoka pande zote. Hedifoni zilizofuata wazo hilo kikamilifu wengi waliziona nyembamba na kali. Sababu inaeleweka: spika zikiwa sebuleni, kuta huongeza besi, na makochi na mapazia humeza sauti za juu. Kuanzia mwaka 2012 Sean Olive na Todd Welti wa Harman walishika njia nyingine. Walipima spika nzuri ndani ya chumba kwa kutumia sanamu lenye masikio ya mpira, wakaiga sauti hiyo kwenye hedifoni, kisha wakawapa wasikilizaji uwezo wa kuongeza na kupunguza besi na sauti za juu mpaka waridhike. Mstari wao ulitoka mwaka 2013, ukarekebishwa mwaka 2015 na 2018. Wa iafoni unaotumika sana ni wa mwaka 2019.

Kwa hiyo mstari huu una sehemu mbili zilizounganishwa. Kilima cha 3,000 Hz ni maumbile ya mwili. Besi ni kura ya ladha. Watu wa grafu hukosea wanapoitetea sehemu ya pili kana kwamba ni sheria ya fizikia, na watu wa masikio hukosea wanapoikataa sehemu ya kwanza kana kwamba ni maoni ya mtu.

Na kura yenyewe haikuwa ya wote. Harman walipowagawa wasikilizaji wao kwa makundi, asilimia 64 waliupenda mstari ulivyo, 15 walitaka besi zaidi, na 21 walitaka besi pungufu. Kundi hilo la mwisho lilikuwa na wanawake na watu wa zaidi ya miaka 50 kwa wingi kuliko makundi mengine. Katika utafiti mwingine wa wasikilizaji 238 wa Kanada, Marekani, Ujerumani na China, nchi anayotoka mtu haikubadilisha sana anachopenda, lakini umri na uzoefu vilibadilisha. Afrika haikuwamo. Simshangai mtu aliyekua akipanda matatu zenye sabufa chini ya viti akisema besi ya Harman haijamtosha.

Shati la dukani limekatwa kwa kifua cha wastani. Theluthi mbili ya watu litawakaa, na wewe bado hujui uko kundi gani mpaka ulivae.

Hatua ya 1: Hakikisha hedifoni imeziba

Ubishi mwingi kuhusu besi ni ubishi kuhusu mito iliyovuja. Hewa ikipata upenyo kati ya mto na kichwa, besi inakimbia kwanza. Mikono ya miwani hufanya hivyo. Rasta na nywele zilizosukwa hufanya hivyo. Hedifoni ikivaliwa juu ya hijabu au kilemba hupoteza besi, na umbali wa spika na sikio pia hubadilika. Kama hivyo ndivyo unavyoivaa kila siku, basi ivae hivyo hivyo wakati wa kupima, kwa sababu unapima maisha yako na sio maabara.

Kwa iafoni, jaribu vimpira vyote vilivyokuja kwenye boksi. Piga wimbo wenye besi ndefu, kisha bonyeza iafoni ndani kidogo kwa kidole. Besi ikiongezeka ghafla, kimpira ni kidogo. Watu wengi wanahitaji saizi tofauti kushoto na kulia, na hilo ni jambo la kawaida.

Hatua ya 2: Chagua nyimbo unazozijua

Nyimbo za maonyesho, zile zenye sauti ya kioo kinachovunjika na helikopta inayozunguka, hazikufai. Chukua kati ya sita na nane ambazo umezisikia mara nyingi kiasi cha kujua kila pumzi. Ziwe za aina mbalimbali:

- Sauti ya mtu peke yake au yenye ala chache. Hii ndiyo muhimu kuliko zote. Hata mazungumzo ya redio yaliyorekodiwa vizuri yanafaa, kwani hakuna sauti tunayoijua kama sauti ya binadamu.
- Taarabu yenye udi, fidla na qanuni. Nyuzi za qanuni zitakuambia mara moja kama sauti za juu zinachoma.
- Dansi lenye magitaa mawili au matatu yanayojibizana. Ukishindwa kuyatenganisha, mara nyingi kuna uvimbe kati ya 150 na 400 Hz.
- Amapiano au bongo fleva yenye besi inayoshuka chini kabisa. Kwa kulinganisha, uzi mnene wa gitaa la besi hutoa karibu 41 Hz.
- Singeli, kama unaipenda. Kasi yake na ukali wake hufichua hedifoni inayochosha.

Kumbuka kwamba wimbo nao una makosa yake. Fundi aliyeuchanganya alisikiliza kwa spika zake, kwenye chumba chake, nawe hujui vilikuwaje. Akiwa na spika zisizo na besi, aliongeza besi. Toole aliita hali hii mzunguko wa mkanganyiko, na haina dawa kamili. Ndiyo maana uamuzi wowote usiufanye kwa wimbo mmoja.

Hatua ya 3: Ifikishe hedifoni kwenye shabaha

Kwenye Windows weka Equalizer APO pamoja na Peace, zote ni za bure. Kwenye Android, Wavelet ina vipimo vya maelfu ya hedifoni tayari ndani yake, na Poweramp Equalizer inakupa uhuru zaidi wa kuweka vichujio vyako mwenyewe (kichujio ni rekebisho moja linaloinua au kushusha sehemu fulani ya sauti). iPhone hairuhusu programu moja irekebishe sauti ya programu zote, kwa hiyo tumia programu ya kuchezea muziki yenye ikwalaiza yake.

Namba zenyewe zinapatikana kwenye AutoEq, mradi wa wazi ulioanzishwa na Jaakko Pasanen. Ingia autoeq.app, chagua hedifoni yako, chagua programu unayotumia, nakili.

Mambo manne ya kuangalia hapa. Zima kwanza Dolby Atmos na mapambo yote ya sauti ya simu, na kama hedifoni ni ya bluetooth, iache ikwalaiza ya kampuni kwenye hali ya kawaida. Pili, programu ikiongeza besi kwa desibeli 6, priampu (kiwango cha jumla cha sauti ndani ya ikwalaiza) ishuke kwa 6 au zaidi, la sivyo utasikia mkwaruzo na kuilaumu hedifoni. Tatu, usichanganye grafu za mashine tofauti. Shabaha za Harman zilitengenezwa kwa vifaa vya kampuni ya GRAS, na kichwa cha kupimia cha kisasa zaidi, 5128 cha Brüel & Kjær, kinatoa mstari tofauti kwa hedifoni ile ile. Nne, hedifoni bandia haina vipimo. Kama uliinunua kwa robo ya bei na boksi lina makosa ya tahajia, namba za mtandaoni ni za hedifoni nyingine.

Hatua ya 4: Iache siku tatu au nne

Siku ya kwanza utasema kitu kimepotea. Aliyezoea hedifoni yenye besi iliyovimba ataona shabaha imekonda, na aliyezoea Beyerdynamic DT 990 Pro, yenye kilele kikali karibu na 8,000 Hz, ataona imefubaa. Hayo ni mazoea yako yanayosema. Sikiliza kama kawaida, bila kugusa kitu. Wanaodai hedifoni inahitaji kupigwa saa mia ndipo "ifunguke", kwa maoni yangu, mara nyingi wanasimulia ubongo wao ukizoea.

Hatua ya 5: Funga kiwango cha sauti

Hapa ndipo majaribio ya nyumbani huharibika. Ukipewa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa juu kwa desibeli moja tu, utaichagua iliyo juu na utasema ina "uwazi" zaidi. Wauzaji wa vifaa vya muziki wanalijua hilo tangu zamani.

Unapolinganisha mipangilio kwenye hedifoni moja, weka priampu namba moja kwa yote, kwa mfano −15, na usiiguse. Besi ikipanda au kushuka, sauti ya mwimbaji inabaki pale pale, nayo ndiyo nanga yako. Unapolinganisha hedifoni mbili, rekebisha sauti mpaka mwimbaji yule yule awe sawa kwenye zote, sio mpaka ngoma ziwe sawa.

Kiwango kiwe kile unachosikilizia kila siku. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba kadiri sauti inavyoshuka, ndivyo sikio linavyozidi kupoteza besi. Mpangilio uliopatikana kwa sauti kubwa utasikika umekonda usiku ukisikiliza kwa sauti ndogo. Na usipandishe sana: Shirika la Afya Duniani linaweka mpaka wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki kwa mtu mzima. Kwenye desibeli 90 saa hizo zinabaki 4.

Hatua ya 6: Pima besi yako

Ongeza kichujio kimoja juu ya vile vya AutoEq. Kwenye programu kimeandikwa Low Shelf, nacho huinua au kushusha kila kilicho chini ya masafa unayoyataja. Weka 105 Hz, Q 0.7 (Q ni namba ya upana: ikiwa kubwa, kichujio ni chembamba). Kuanzia hapo unagusa namba moja tu, ya desibeli.

Piga wimbo wa kwanza. Panda hadi +8, mahali ambapo hata mpenda besi atakiri imezidi. Shuka hadi −6, mahali ambapo ngoma imebaki mlio wa kidole mezani. Sasa panda taratibu kutoka chini mpaka useme "hapa", andika namba. Kisha shuka taratibu kutoka juu mpaka useme "hapa", andika. Namba hizo mbili hazitalingana, kwa sababu sikio huvutwa na lilikotoka. Chukua katikati yake.

Rudia kwa nyimbo zote, na urudie tena siku nyingine, asubuhi kama mwanzo ulikuwa usiku. Panga namba zote kuanzia ndogo hadi kubwa na uchukue iliyo katikati. Hiyo ndiyo besi yako. Ikiangukia kati ya −1 na +1, wewe ni wa wale asilimia 64. Ikiwa +4, uko kwenye kundi la besi na huna haja ya kumwomba mtu radhi. Kama namba zimetawanyika sana kati ya wimbo na wimbo, tatizo liko kwenye nyimbo, na utahitaji kichujio cha besi kilicho karibu na kidole kuliko mpangilio mmoja wa kudumu.

Pima mara ya pili ukiwa njiani kama unasikiliza kwenye daladala au bodaboda. Ngurumo ya injini iko kwenye masafa yale yale ya besi na inaifunika. Mtu wa +1 nyumbani anaweza kutaka +5 barabarani, na zote mbili ni namba sahihi. Hifadhi mipangilio miwili.

Hatua ya 7: Sauti za juu, ambako grafu inaishiwa nguvu

Hadi kama 5,000 Hz naiamini grafu kuliko mazoea yangu. Kupita hapo, umbo la sikio lako, upana wa tundu na kina cha iafoni vinaamua mengi. Kwenye grafu nyingi za iafoni utaona kilele karibu na 8,000 Hz. Sehemu yake inatokana na kifaa cha kupimia chenyewe, na kwenye sikio lako kilele kinaweza kuwa mahali pengine.

Kitafute mwenyewe. Tumia programu inayotoa mlio mmoja unaopanda, sauti ikiwa chini, kutoka 2,000 hadi 12,000 Hz, taratibu. Mahali mlio unapochomoza na kuchoma, simama, rudi nyuma, thibitisha, andika masafa. Weka kichujio chembamba hapo, Q kati ya 3 na 4, ukate desibeli 3 hivi. Kisha rudi kwenye muziki na usikilize "s" na "sh" za mwimbaji. Zikiacha kuchoma bila matoazi kufifia, umepata. Mashimo, yaani mahali mlio unapofifia, yaache. Ukijaribu kuyajaza unamaliza nafasi ya priampu, na mara nyingi hayasogei.

Halafu pima kwa kichujio cha High Shelf kuanzia 2,500 Hz, kwa utaratibu ule ule wa besi. Hapa tofauti kati ya watu ni ndogo. Ukijikuta unataka zaidi ya desibeli 3 kupanda au kushuka, rudia hatua ya kilele. Kwa iafoni, wengi wanaona shabaha ya mwaka 2019 inasukuma mno waimbaji mbele. Ukiwa mmoja wao, punguza desibeli 1 au 2 kwenye 3,000 Hz kwa kichujio kipana na uone.

Hatua ya 8: Jifiche jibu

Mwaka 1994 Toole na Olive waliwapa watu wale wale spika zile zile, mara wakiziona na mara zikiwa nyuma ya pazia, na alama zikabadilika. Hao walikuwa wafanyakazi wa kampuni ya spika. Kwa hiyo mpe mtu simu, abadilishe kati ya shabaha tupu na mpangilio wako bila kukuambia, kwa kurusha sarafu, mara kumi. Wewe taja unayoipenda, yeye aandike. Ukichagua wako mara 9 au 10, uwezekano kwamba ulibahatisha ni kama asilimia 1. Ukichagua mara 6, ladha yako na shabaha haviko mbali kiasi cha kugombana na mtu.

Hatua ya 9: Nenda dukani na namba zako

Sasa grafu inasomeka. Sennheiser HD 600, hedifoni ya mwaka 1997 ambayo wengi bado wanaisifu kwa sauti za watu, huanza kushuka chini ya 100 Hz hivi. Kwa mtu wa −3 hiyo inakaribia kuwa sawa bila ikwalaiza yoyote. Kwa mtu wa +4 ni kupoteza hela, kwa sababu hedifoni iliyo wazi kwa nyuma kama hii ikisukumwa sana chini huanza kukwaruza. AKG K371, iliyotoka kampuni iliyo chini ya Harman, iko karibu na shabaha. Mtu wa sifuri anaivaa na kwenda zake, ilimradi mito imeziba.

Tazama kwanza sehemu zisizorekebishika kirahisi: uzito, jinsi inavyobana, vilele vyembamba vingi juu ya 5,000 Hz, kushoto na kulia kutolingana. Besi iliyopungua kwa desibeli 2 kwenye iafoni inayoziba vizuri ni kazi ya sekunde kumi kwenye simu, usiikimbie kwa ajili hiyo. Na kama hedifoni uliyonayo, baada ya vichujio vyako, imeshinda mara 9 kati ya 10, baki nayo na uweke pesa zako.

Mito ikianza kulala na ngozi kubanduka, besi itasogea yenyewe. Badilisha mito kwa ile ya muundo ule ule wa awali, kisha rudia hatua ya 6 peke yake.